Kadi ya Nyumba ya Nyuma

Jumatatu, 2 Juni

Kadi sita leo. Mbili zimeharibika, nilizidisha maji ya maganda ya kahawa ninayozitilia rangi, karatasi ikavimba. Nne ziko kwenye kamba zinakauka.

Ni kadi za zamani. Maktaba ya shule nilikokuwa nikifanya kazi ilipoletewa kompyuta, kadi za katalogi zilitolewa nje zichomwe. Nikabeba droo mbili kwa bodaboda mpaka hapa Bugene. Upande mmoja umepigwa taipu jina la kitabu ambacho huenda hakipo tena. Upande wa pili mweupe. Hapo naandika maneno ya watu. Neno kama lilivyotoka mdomoni, jina la msemaji, tarehe. Siongezi, sipunguzi. Kisha nachora pembeni kwa utomvu wa mgomba, ule usiotoka hata ufue vipi.

Wifi yangu Jovitha, mke wa kaka, kapita na beseni la kahawa mbichi. Hakunisalimia. Sikumsalimia. Hapo tu ndipo tunapoelewana.

Alhamisi, 5 Juni

Mwanamke huyu ana wazimu.

Wamekuja wageni kutoka Ndama kutupa pole. Mama ana wiki tatu tangu tumzike. Kahawa ya kutafuna kwetu mgeni hupewa imefungwa kwenye jani kavu la mgomba, mtoto wa miaka mitano anajua. Jovitha hakuandaa majani. Kaingia chumbani kwangu, kachukua kadi zangu nne kwenye kamba, kazikunja vipakiti. Nakuja kukuta mzee wa watu anatafuna kahawa huku anasoma maneno ya muuza dagaa wa Kayanga!

Nikampokonya. Shikamoo yenyewe nikaisahau. Nikamwita Jovitha mwizi mbele ya wageni. Akanijibu kwa sauti ile yake ya taratibu kwamba hata marehemu aliyachoka makaratasi yangu. Wageni wakainama.

Nikarudi ndani, nikaliandika hilo neno lake, na jina, na tarehe. Kalamu ilitoboa kadi.

Jumamosi, 7 Juni

Deus kaja kutoka dukani kwake Omurushaka. Kaka yangu huyu haketi, huongea amesimama kama mtu wa kodi. Ukoo unakaa Jumapili ya tarehe 15 kumaliza matanga. Kibanja, shamba letu la migomba, ni chake, hilo halina mjadala. Lakini nyumba ya nyuma, hii ninayolala na kuchorea, Mama aliijenga kwa pesa ya mikeka yake, alisuka mpaka vidole vikapinda. Ya kwake. Alikuwa na haki ya kumpa amtakaye, na wazee watauliza alimtaka nani.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaandika maneno yake," Deus akaniambia. "Alisema lolote kuhusu nyumba?"

Nikamtazama usoni nikasema hapana.

Jumapili, 8 Juni

Alisema. Kadi ninayo. Tarehe 30 Aprili, asubuhi. Jovitha alikuwa ametoka kumwaga maji ya kumwogeshea Mama. Mimi nimekaa kwenye kigoda, kadi gotini. Alisema kwa Kinyambo, taratibu, ananitazama:

"Nyumba ya nyuma mpeni Jovitha. Ndiye anayeniogesha. Edina anakaa pale anaandika tu."

Na mimi nikaandika. Mpumbavu mimi, nikaandika mpaka jina langu. Ndio kwanza nikafurahi kwamba sentensi imekaa vizuri.

Misa nimeenda, mahubiri sikuyasikia. Nina miaka hamsini na mbili. Ndoa ilishavunjika, kazi ilishakwisha, sina pengine pa kuweka hizi droo. Na huyo Jovitha anataka nyumba ya nini? Aweke magunia. Nani angeyahifadhi maneno ya Mama kama si mimi? Kuogesha kila mtu anaweza.

Hilo la mwisho nimelisoma mara mbili. Mimi sikumwogesha hata siku moja. Nilisema nina mgongo.

Jumanne, 10 Juni

Nilitaka kuifunika ile kadi kwa utomvu. Ingekuwa picha nzuri, nyeusi tupu, nyuzi mbili za mgomba juu yake. Nikashindwa. Nikatoa kadi nyingine, kalamu ile ile, tarehe ile ile. "Nyumba ya nyuma ni ya Edina." Mwandiko ni wangu kwenye zote mbili, nani atajua?

Ni uongo wa kwanza kwenye droo hizi. Kadi mia nne na zaidi, matusi ya walevi, maneno ya wagonjwa, ya mapadri, yote ya kweli. Hii inanuka. Nimeiweka chini ya godoro na bado inanuka.

Alhamisi, 12 Juni

Jovitha alikuwa anaanika kahawa uani. Nimepita na ndoo yangu. Akasema, si kwangu, kwa kuku, kwamba ukoo ukishakaa kila mtu atajua kwao ni wapi.

Yesu na Maria! Nilitamani kummwagia ndoo nzima. Namchukia. Namchukia jinsi anavyotembea, namchukia hata anavyokohoa. Basi. Naenda na kadi ya uongo. Imenitosha.

Jumapili, 15 Juni

Ba'mdogo Lauriani aliuliza kama marehemu aliacha neno. Wote wakanigeukia. Nilikuwa na kadi zote mbili kwenye gauni, ya uongo mfuko wa kulia.

Nilisimama, mkono kwenye mfuko wa kulia. Nikafungua mdomo kusema "Mama alisema," na nikasikia sauti yake, ile ya koo kavu. Hakuwahi kutamka jina langu kwa utamu ule nilioutunga mimi. Ningesimama pale kumwekea mama yangu mdomo wa bandia.

Nikatoa ya kushoto. Nikasoma yote. Ningeweza kuishia kwa Jovitha, yale ya mwisho nani aliyahitaji? Nikayasoma. "Edina anakaa pale anaandika tu." 

Deus alitazama miguu yake. Ba'mdogo akasema maneno ya marehemu yamesikika. Nikamtafuta Jovitha kwa macho nimwone anavyofurahi, nipate la kumchukia. Alikuwa ameziba uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Hata hilo kaninyima.

Jumatano, 18 Juni

Nimehamisha droo. Nimepewa chumba cha Mama kwenye nyumba kubwa. Jovitha alishika upande mmoja wa droo, mimi upande mwingine.  Kizingitini tu akaniambia niinue, nikainua. Simpendi bado.

Blanketi la Mama lilikuwa limekunjwa chini ya kitanda, halijaguswa tangu siku ile alipofariki. Nimechota maji kisimani, safari tatu. Mgongo unauma kweli, si kama nilivyokuwa nikisema. Nimelifua uani kwa mikono, sabuni mche mzima. Limekuwa zito, nikashindwa kulikamua peke yangu.

Nimelianika hivyo hivyo, linachuruzika. Nimekaa karibu yake mpaka jua likaondoka.