Siku Niliyomwambia Mama Mkwe Anitazame

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Homa Bay imenyeshewa tangu mchana, na nguo za watoto bado ziko kwenye kamba, zimelowa upya. Hakuna aliyekumbuka kuzianua. Mimi nimeketi hapa kibarazani na simu mkononi, macho yamevimba, na nisipoandika haya leo najijua, sitayaandika tena.

Nimemwaibisha mama mkwe wangu mbele ya ukumbi mzima.

Wacha nianze vizuri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nimekuwa nikifundisha wanafunzi mdahalo. Ndiyo maana vijana wa wadi moja kule Ndhiwa walipoandaa mdahalo wa wanaowania kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, walinitafuta mimi niuendeshe. Walitaka mtu wa nje, asiye na upande. Kwetu ni Awendo, kaunti ya Migori, kura yangu iko huko, kwa hiyo nilionekana nafaa kabisa. Kichwa kikavimba kidogo, sitadanganya.

Shida ni kwamba mmoja wa wagombea ni mama yake Lilian, mke wangu.

Sikuwaambia. Nilijua wachache wa kijijini kwake wananifahamu, lakini wa sokoni hawanijui, nikajitia hamnazo. Nilijiambia kwamba bora maswali yawe sawa kwa wote, nani atalalamika? Tena nikaapa moyoni kwamba yeye nitambana zaidi, nisije nikampendelea. Eti hiyo ndiyo haki.

Mama anauza mbegu na maharagwe soko la Ndhiwa. Hakuwahi kuota siasa. Wanawake wenzake wa soko ndio waliomsukuma asimame, kwa sababu ya zahanati yao isiyo na maji. Mwanamke akienda kujifungua pale, anabeba mtungi wake mwenyewe kutoka nyumbani. Mama mkwe amewabebea wengi mitungi hiyo, na akaona sasa imetosha. Kama hatachaguliwa, sijui nani mwingine atalisema jambo hilo, maana wale wengine wanazungumzia barabara tu.

Sasa, kuna jambo ambalo Mjaluo yeyote anayesoma hapa tayari ameshaliona. Mimi, msomi mzima, sikuliona.

Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani machoni. Siku hizi wengi mjini wameacha, lakini yeye hajaacha, na mimi nilimpendea hilo. Miaka kumi na moja tangu nimwoe Lilian, hatujawahi kupeana mkono. Nikienda kwake, ananisalimia akiwa ameangalia mlango, anauliza habari za watoto, halafu anaingia jikoni. Chakula analeta mtu mwingine. Huo si ubaridi. Ndivyo anavyoniambia kwamba mimi ni mtu mkubwa kwake, nami najibu kwa kuinamisha kichwa.

Na mdahalo wangu una sheria moja niliyoitunga mwenyewe tangu enzi za wanafunzi: unayejibu, mtazame mwendeshaji. Usiugeukie umati, la sivyo mdahalo unageuka mkutano wa kampeni. Nilifikiria maswali usiku na mchana. Macho sikuyafikiria hata dakika moja.

Jumapili iliyopita wagombea watatu waliketi mbele yangu katika ukumbi wa kanisa. Wa kwanza ni kontrakta mmoja, mtu wa suti na kicheko. Aliegemea kiti kana kwamba yuko sebuleni kwake, akanitazama moja kwa moja, akajibu kila swali kwa sauti nene. Nikirudia leo kichwani alichosema, sipati kitu. Lakini nilimwongezea nusu dakika. Nilimwongezea kwa sababu alikaa vizuri!

Mama alipofikiwa, aligeuza bega kidogo na kuanza kujibu akiangalia kalenda ya kanisa ukutani. Sauti yake ilikuwa chini. Alisema mambo ya maana, nina hakika, lakini hata mimi niliyekuwa mita mbili sikuyasikia vizuri. Mazoea ni mazoea. Mdomo wangu ukafunguka kabla ya akili, nikatoa ile sauti ya darasani:

"Mgombea, tafadhali, nitazame mimi."

Ukumbi ukacheka.

Yeye akainamisha kichwa zaidi, hadi nikaona fundo la kitambaa chake kisogoni. Hapo ndipo nilipozinduka. Woi! Nimemwambia nini huyu mama? Nilitaka sakafu inimeze, lakini nilikuwa na karatasi mkononi na watu wananisubiri, nikajikaza, nikasoma swali linalofuata kama mjinga.

Kufikia jioni video ilikuwa kwenye kila simu. Wakampa jina: Mama Sakafu. Kijana wa boda boda aliyenipeleka stendi, bila kujua mimi ni nani wake, alinieleza kwa utaratibu kabisa. "Mwalimu, yule mama ni mzuri, lakini ni mwoga. Kama hawezi kukuangalia wewe mwalimu tu, gavana atamuangalia na nini?"

Kwa alichokiona, alikuwa na haki.

Nyumbani Lilian hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka ugali mezani, akaweka samaki, akaketi, akaniuliza swali moja tu. "Ulimwambia mama yangu akutazame?"

Niliisukuma sahani kando.

Wiki hii yote nimekuwa mtu wa ovyo. Wanawake wa soko walianza kunong'ona kwamba labda wamtafute mwingine mwenye uso mkavu. Nikampigia katibu wa ile kamati ya vijana, nikamwambia ukweli. Akapiga mluzi kwenye simu. Aliniambia nikitangaza, watu wa kontrakta watasema mama aliweka mkwewe kwenye kiti ili apewe maswali mapema. Nikinyamaza, atabaki Mama Sakafu hadi siku ya kura. "Chagua," akasema. Kuchagua nini hapo?

Nilimwomba Lilian amuulize mama mwenyewe. Jibu lilirudi Jumatano, fupi: "Mwambie ale, alale."

Nalikumbuka darasa langu sasa kuliko kitu chochote. Kuna alama ambazo mimi huwapa wanafunzi kwa ukakamavu: macho, mabega, mikono. Ni wasichana wangapi nimewakata alama hizo kwa sababu walikuwa wakitazama dawati? Sikuwahi kumuuliza hata mmoja kwa nini. Nilisahihisha shingo zao nikaacha maneno yao, na nikajiita mwalimu wa mdahalo.

Leo ilikuwa awamu ya pili ya mdahalo, iliyopangwa tangu mwanzo. Nilifika Ndhiwa saa nne, nikapanda jukwaani kabla ya sala ya kufungua. Nikasema yule mama ni mama mkwe wangu. Nikasema nilificha kwa sababu nilikipenda kiti. Nikasema hakuna swali alilopewa mapema, na kwamba kosa ni langu peke yangu, yeye msimhukumu kwa shingo yake.

Upande wa kontrakta ukalipuka. "Mwizi! Mlipanga!" Mmoja akasimama juu ya benchi. Nikaona mama amekaa pale pale, mikono mapajani, anaangalia mlango kama kawaida yake nikiwepo, na nikafikiri basi, nimemzika kabisa.

Kisha bibi mmoja wa safu ya mbele akainuka taratibu akishikilia benchi.

"Yawa! Nyinyi hamna mama?" akauliza. "Mlitaka amkodolee mkwewe macho? Mbele ya pasta?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, lakini si kile cha wiki iliyopita. Hata yule wa kwenye benchi alishuka akijifuta machozi ya kucheka. Naibu wa katibu, binti aliyesomea sekondari ya wasichana ya Asumbi, mwenye sauti ya kutosha uwanja, akachukua karatasi zangu mkononi na kuniambia kwa upole, "Mwalimu, sasa toka nje."

Nikatoka. Nilisimama nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji, dirisha likiwa wazi juu yangu.

Na hapo nikamsikia.

Jamani, yule mama ana sauti! Alimkatiza kontrakta mara mbili. Alimuuliza yule bwana mkewe alijifungulia wapi, na maji yalitoka wapi, na ukumbi ukapiga makofi mpaka mabati yakatetemeka. Alifanya mzaha kuhusu maharagwe yake, akacheka mwenyewe, kicheko kirefu cha tumboni. Nimekula kuku wake miaka kumi na moja, sijawahi kusikia kicheko hicho. Nilisimama pale nikitabasamu peke yangu, nimeegemea tangi.

Halafu yule binti akamuuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi zangu. Kwa nini wiki iliyopita hakusema neno moja tu, kwamba mwendeshaji ni mkwewe, akajiokoa?

Nikasogea karibu zaidi na dirisha.

"Ningesema, mngemfukuza kwenye kile kiti mbele ya watu," mama akasema. "Yule ni mtoto wangu. Jina langu mimi nitalitengeneza polepole. Lake lingevunjika siku hiyo hiyo."

Nilikaa chini kwenye matope, na suruali yangu ya Jumapili. Nililia, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, hadi fundi wa vipaza sauti alipokuja kuniuliza kama naumwa.

Kumbe siku ile haikuwa heshima peke yake. Alinitazama vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani, akaona nimejiingiza wapi, akachagua kubeba aibu yangu.

Watu walipotoka niliwasikia wakisema ana heshima, ana adabu, huyo ndiye kiongozi. Wiki iliyopita hao hao walisema ana woga. Wanawake wa soko walikuwa wakiimba. Sijui kama maneno hayo yataingia kwenye sanduku la kura, maana macho ya watu yanageuka haraka, na zahanati bado haina tone. Mimi siwezi hata kumpigia kura. Nilimwona akitoka mlangoni, amezungukwa na wenzake. Alinifikia, akageuza uso pembeni, akauliza kama watoto wamepona mafua. Nikainamisha kichwa, nikasema wamepona. Akapita.

Lilian anaongea naye kwenye simu sasa hivi, nawasikia wakicheka jikoni. Ameniambia nikitaka kutuma salamu niziandike, atamsomea. Nimeanza mara tano na kufuta mara tano. Mpaka sasa nimebakiwa na neno moja, na nadhani nitamwacha alisome hilo hilo.

Mama.