Printa Yangu Iko Dukani kwa Otieno

Jumanne, 9 Oktoba 2007

Haikuwa imekufa. Leo nimeiona dukani kwa Otieno, rafiki yangu anayenijazia wino kwenye katriji kwa sindano, ikichapa programu za mazishi bila hata mstari mmoja mweupe.

Mwezi jana aliniambia, "Mama Joy, hii kichwa yake ya kutoa wino imeziba kabisa. Niachie nitoe spea, wewe ununue mpya." Nikanunua. Hiyo mpya inakataa wino wa sindano, na katriji zake zinameza faida yote ya kazi yangu ya kuchapia watu.

Nilipomuuliza, akacheka. "Niliiosha tu na maji moto, ikaamka!"

Na namba yangu ya simu anayo, lakini hakunipigia.

Lakini programu za harusi ya Jumamosi hazijaisha, na wino umeniishia. Nikamwachia azichape kwa printa yangu. Hata nilimwambia asante.