Rangi ya Mkojo wa Mamako

Mjukuu wangu Aiman,

Salaam zikufikie huko kwenye baridi. Sisi wazima. Mjombako kafungua gereji mtaa wa Ghala, na mamako kapandishwa cheo tena, mashaallah, nilikwambia mimi.

Unauliza kwa nini nnamuuliza mamako rangi ya mkojo wake hata mbele ya wageni. Sikia basi.

Alizaliwa na thalasemia, damu yake haimtoshi, kila mwezi anaongezwa. Alipokuwa mdogo wakampa na sindano, eti ya kutoa chuma. Chuma! Mwanangu kala misumari? Kesho yake nikaona mkojo mwekundu. Nikasema, hawa wanamtia damu huku, wanaiiba huku. Nikautia kwenye chupa ya marashi, nikenda nao hospitali.

"Damu ya mwanangu hii, irudisheni!"

Nesi, Mzanzibari mwenzangu, akacheka mpaka shela ikamteleza. "Shoga, hicho ni chuma kinatoka. Kila damu anayotiwa inakuja na chuma chake, na mwili hauna mlango wa kukitolea. Kikibaki kinaharibu moyo na ini. Mkojo ukiwa mwekundu, shukuru."

Sikumwamini, lakini kila siku nikauchungulia mwenyewe.

Leo mamako moyo wake mzima, ini lake zima, na kakuzaa wewe. Sasa badala ya sindano anapewa vidonge, naye anasema hivi havibadilishi rangi. Hapo ndipo shaka inaponiingia: ntajuaje kama anavimeza?

Ukimpigia simu, muulize na wewe.

Bibi yako akupendae