Wimbo wa Pacha Mbele ya Mabalozi

Tabora, Jumanne. Joto kali, mawingu yamejaa na mvua hainyeshi.

Afisa aliyeongoza kikundi cha ngoma kwenda Ulaya kuitangaza nchi amesema asubuhi hii kwamba "wimbo wetu wa kukaribisha wageni" uliwainua watu vitini. Jumamosi utaimbwa tena Dar es Salaam, mbele ya mabalozi.

Wimbo huo si wa kukaribisha wageni.

Ni wa pacha. Kwetu Unyamwezini wakizaliwa pacha, ndugu wa mume na ndugu wa mke hutukanana kwa kuimba, matusi ya nguoni, kila kiungo kwa jina lake. Siku hiyo ni baraka. Siku nyingine yoyote ni matusi.

Afisa aliupata Bukene mwaka jana, kwa shangazi yangu Nyanzobe na wanawake wenzake. Aliwaahidi safari. Wakawafundisha vijana wake wa mjini ngoma yote, kisha akawaambia watakaosafiri ni vijana. Hapohapo akaomba wimbo mmoja zaidi, wa kupokelea wageni.

Shangazi akampa huo, uso mkavu.

Nilikuwepo kikazi, kuandika habari za gazeti. Sikusema kitu, wala sijuti.

Mchana nimempigia simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Eti wameuimba kweli?"

"Mbele ya wakubwa wa watu. Wakapigiwa makofi."

"Basi hao wazungu ni wakwe zetu." Akacheka mpaka akakohoa. "Lakini sisi hatukwenda, mwanangu."

Jioni afisa naye akapiga.

"Ndugu mwandishi, wewe Mnyamwezi. Mabalozi wanataka maana ya ule wimbo. Utapanda jukwaani utufafanulie?"

Nikamuuliza kama wanawake wa Bukene wataitwa.

"Kaka, wale mama zetu wa kijijini, jukwaa lile wataliwezea wapi?"

Ningeweza kumwonya. Sentensi moja ingetosha. Kazi yangu inanitaka nisikilize pande zote mbili, na yake nimeshaisikia.

Nimekubali.

Sitatia chumvi. Nitatafsiri neno kwa neno, kisha nitamtaja aliyeufundisha na siku aliyoufundisha, ile aliyonyimwa safari. Nimeomba kiti cha mgeni wangu mmoja, mstari wa mbele. Afisa amekubali bila kuuliza ni nani.

Shangazi anapanda treni Bukene Alhamisi. Hafla ni Jumamosi, saa kumi alasiri.