Kibenchi cha Kipimo Changu

Shikamoo Baba,

Najua huitikii. Hata ulipokuwa hai, asubuhi hukuwa ukimwitikia mtu mpaka punje za kahawa ulizokuwa unatafuna ziishe ladha. Ulikaa kwenye kigoda chako nyuma ya nyumba, ukiitazama migomba, kimya, unatafakari. Mimi nilipita mbio na furushi la vitenge kwenda kuuza sokoni Murongo. Jioni ulinitania, "Kiguu na njia, siku utakayochoka nitakufundisha kukaa." Sasa nimechoka, Baba, na wewe hupo.

Siku ya kumaliza matanga kaka Deusi alikalishwa kwenye kigoda chako, maana ndiye mrithi, akakipeleka kwake Songambele. Sina kinyongo. Ila mimi niliutaka ule ukimya wako kuliko shamba.

Nikajaribu kukaa mkekani nisali kwa utulivu, miguu ikafa ganzi hata sala ya Baba Yetu haijaisha. Kwenye kiti cha plastiki nikasinzia. Sista mmoja, mteja wangu, ndiye aliyenieleza kuhusu kibenchi cha kusalia: unapiga magoti, unakipitisha juu ya visigino, unakikalia. Mwanao nikaona nimepata. Nikaenda kwa kaka, nikapima kigoda chako kwa ukamba wa mgomba, nikampelekea fundi seremala hapa Chonyonyo anitengenezee kibenchi cha kimo hicho.

Ungecheka. Kibenchi kilipokuwa tayari, nilining'inia juu yake kama kuku kwenye fito.

Fundi akauliza, "Mama, ukamba huu ulimpima nani?" Nilipomwambia, akasema, "Basi hicho ni cha mzee. Piga magoti nikupime wewe." Nikapiga magoti palepale kwenye maranda, na machozi yakanitoka, kwa kuwa nilikuwa nakukumbuka sana na sijamwambia mtu. Fundi akajifanya anatafuta msumeno. Kisha akakata miguu ya kibenchi karibu nusu, akainamisha kikalio mbele kidogo. Nilipokalia, mgongo ulinyooka wenyewe.

Sasa ni wiki ya tatu. Bado nawaza bei za vitenge, sikudanganyi, lakini nakaa. Nina raha, Baba.

Nakuahidi, kila asubuhi Murongo itanisubiri kwanza. Pumzika salama.

Leo Koku, mjukuu wako, alinisalimia shikamoo mara mbili. Nilimsikia. Nilimwitikia kahawa ilipoisha ladha.

Mwanao,
Kiguu na Njia