Eti Sielewi Kiswahili

Jumanne, Kebirigo. Mvua imeanza saa nane na haina dalili ya kukatika. Nguo hazijakauka, kuni zimelowa, na mimi nimenuna tangu nirudi.

Leo ofisa wa uraia kule mjini Kisii ameandika kwenye faili yangu kwamba sielewi Kiswahili.

Ni kweli nilizaliwa Malawi. Nilipoolewa huku miaka tisa iliyopita nilijua "jambo" tu, kama mtalii. Lakini Kiswahili nimefundishwa na wateja wangu wa mitumba, watu wasio na huruma hata kidogo, na Ekegusii nimekipata jikoni kwa mama mkwe. Hata hii shajara, naiandika kwa lugha gani jamani?

Mume wangu yuko kazini Mombasa na hakupewa ruhusa. Basi baba mkwe akaapa kwamba mke wa mwanawe hatakwenda serikalini peke yake kama mtu asiye na kwao. Akavaa koti lake la Sabato, tukaenda, akaingia nami hadi ndani.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningemkataza mapema, kupitia mama mkwe. Kwa maana huku mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hampi mkono, na mambo ya chumbani hayatajwi wote wawili wakiwa wanasikia. Wenyewe wanaiita chinsoni, na si mchezo. Viti vya ofisi vilikuwa vimebanana, nikasogeza changu mpaka ukutani. Ofisa, ambaye si wa huku, akanitazama kama mwizi.

Alianza vizuri. Jina, kijiji, kazi. Nilijibu yote, kwa sauti ya chini, macho sakafuni. Kisha akauliza nilikutanaje na mume wangu, na alinipendea nini.

Mbele ya baba yake mzazi.

Ulimi ukagoma. Ofisa akarudia polepole, neno moja moja, kama anaongea na kiziwi. Nikainamisha kichwa zaidi. Akauliza kama tunalala chumba kimoja, nikajifunika mdomo kwa leso. Mzee naye akageukia dirisha akakohoa kikohozi kisichoisha. Najua alitamani kutoka, ila kwake kutoka kulikuwa ni kunitelekeza. Na mimi ningesemaje? Kumwambia ofisa "siwezi kujibu huyu akiwepo" ni kumfukuza mzee aliyeacha ng'ombe wake kwa ajili yangu.

"Haelewi maswali," ofisa akasema huku akiandika. "Akajifunze Kiswahili, arudi Alhamisi ya wiki ijayo. Mara ya mwisho."

Nimechoka. Kibali changu cha kukaa kinaisha mwezi ujao. Nikianguka tena, sijui nitaishi hapa kama nani, na duka langu litakuwa la nani. Miaka tisa nimejitahidi niwe mtu wa hapa, halafu ile tabia inayonifanya mtu wa hapa ndiyo inaniangusha. Inauma, na inaudhi zaidi kuliko inavyouma.

Jioni hii, nikiwa jikoni, nimemsikia baba mkwe uani akimsimulia jirani. Anajigamba. Anasema nilikaa na adabu mwanzo hadi mwisho, sikuinua macho hata mara moja, na kwamba serikali ikininyima itakuwa imemnyima Mgusii. Nimelia kidogo, nikasingizia moshi.

Mama mkwe nimemweleza kila kitu. Amecheka mpaka akaketi chini, kisha akaenda kumwambia mzee kwamba safari hii nakwenda peke yangu. Mzee amekubali, baada ya kununa kidogo.

Alhamisi nitaketi katikati ya chumba na nitamkazia macho yule ofisa. Akiuliza tena mume wangu alinipendea nini, nitamweleza yote, tangu siku ya kwanza, kwa Kiswahili, bila kuacha kitu, mpaka awe yeye wa kutazama sakafu.