Guku, Mimi Ndiye Niliyesema Tuendelee

Guku,

Mwangaluka. Najua mjukuu anapiga goti kwanza ndipo anamsalimia babu yake, na mimi nimekalia ndoo iliyogeuzwa, hapa kando ya zizi lako Mwamapalala, daftari liko mapajani. Utanivumilia. Ndama wako wananichungulia kama mgeni. Na kweli ni mgeni, ulizikwa bila mimi.

Tumerudi wiki tatu sasa. Kila nikija hapa kukwambia nalia tu, halafu naondoka. Leo naandika.

Unakumbuka tulivyokuja kukuaga, mimi na baba na mama, kila mtu na begi lake mgongoni? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na miezi ya kusubiri kidato cha tano ni mingi. Baba naye, miaka yote hiyo ya kuwaendesha watalii Serengeti na mabegi yao, siku moja akasema na sisi tutabeba. Nchi baada ya nchi, kwa basi na kwa miguu, tukilala kwenye hema. Ukatuzunguka ukiyabonyezabonyeza yale mabegi. "Mnahamia wapi?" Mama akasema hatuhami, tunatembea tu. Wee! Ulicheka mpaka ukakohoa. "Msukuma abebe nyumba mgongoni na asihame? Na ng'ombe wenu wako wapi?" Wewe uliwahi kuswaga ng'ombe kutoka hapa mpaka Rukwa kutafuta malisho, kwa hiyo safari yetu ilikushangaza sana.

Kila penye mtandao nilikupigia. Uganda nikakwambia wanakula ndizi asubuhi, mchana na jioni, ukasema, "Pole, mayu. Rudi ule ugali." Mayu, mama. Hujawahi kuniita jina lingine. Rwanda nilipata malengelenge visiginoni kwa ile milima. Zambia nilijifunza kusimamisha hema kwenye mvua bila kugombana na mama. Nisikudanganye, Guku, nilikuwa na raha. Miaka kumi na saba nimekaa Bariadi naangalia pamba na vumbi, na sasa nilikuwa naamka kila wiki mahali nisipopajua. Sikutaka iishe.

Tulikuwa na sheria yetu ya njiani, jambo lolote ni kura. Tulale wapi, kura. Basi au lori, kura. Tuko watatu, hakuna kufungana. Baba aliipenda sana sheria hiyo, maana ni yeye aliyeitunga.

Tulipofika mpaka wa kuingia Namibia, shangazi Holo akapiga, yule binti yako aliyekuwa anakuuguza. Akasema homa imekushika na huli vizuri. Ukamnyang'anya simu. "Ni mafua tu. Endeleeni kutembea." Sauti yako ilikuwa ndogo. Niliisikia, Guku, nikajua siyo ya mafua. Hapo ndipo pananiuma mpaka leo.

Tukapiga kura kwenye benchi la stendi. Mama akasema turudi. Baba akasema mzee mwenyewe kasema tuendelee. Wakanigeukia. Zilibaki siku sita kufika bahari ya upande ule mwingine, ambako jua linazamia majini, na mimi bahari hiyo nilikuwa nimeiota tangu nyumbani. Nikasema, "Tuendelee."

Basi, neno moja tu.

Laini yetu ya Zambia ikakataa upande ule, na hatukuwa na haraka ya kununua nyingine. Tulipofika baharini baba ndiye aliyekwenda kutafuta laini. Mimi nikavua viatu, nikaingia majini, maji ya baridi ajabu, nacheka peke yangu. Nilipogeuka nikamwona baba amekaa kwenye mchanga, simu mkononi, na mama amemshika mabega. Ulikuwa umezikwa jana yake.

Sasa nikupe habari za huku. Jumapili chama cha kufa na kuzikana kilikaa hapa nyumbani kwako. Unajua sheria zao, ulikuwa mmoja wao. Asiyefika kumzika jirani anatoa ng'ombe, sembuse mtoto wa kwanza asiyemzika baba yake. Wakamsema baba, wakamsema kweli kweli. Mzee mmoja akamwambia mbele za watu kwamba amemtupa mzazi wake ili akaangalie maji. Baba aliinamisha kichwa. "Kosa ni langu," akasema. Hakunitaja. Mama akanibana mkono chini ya khanga, ninyamaze.

Nikasimama. Kisukuma changu cha mjini unakijua, hata wewe ulikuwa unakicheka. Nikakisema hivyo hivyo. Nikasema baba na mama walitofautiana, wakaniuliza mimi, na mimi ndiye niliyesema tuendelee. Nikasema yule mtamba uliyenipa nilipofaulu darasa la saba achukuliwe yeye. Mwenyekiti akauliza, tangu lini mtoto akapigishwa kura juu ya ugonjwa wa mzee? Mtamba akakubaliwa.

Jana waliokuchimbia kaburi wamemla. Tulipika mimi na shangazi. Anakata nyama, haniangalii, akaanza kuniambia. Siku zako tatu za mwisho ulikuwa unauliza, "Mayu wangu yuko wapi?" Na wao, ili utulie, wakakujibu, "Yuko njiani, anakuja." Ukaagiza mlango usifungwe, nisije nikafika nikakosa pa kuingilia. Shangazi alipofika hapo akaacha kisu, akatoka nje.

Sikuwa njiani, Guku. Walikudanganya, na aliyewafanya wakudanganye ni mimi. Msamaha nautaka, jamani, nautaka sana, lakini huwezi kunijibu na mimi sitajijibia.

Mwezi ujao naenda bweni, kidato cha tano. Shangazi ana presha na miguu inamvimba. Nimemwambia yeye, na wewe nakuahidi, akiniita nakuja. Sitauliza ni mafua au ni nini, na sitamwuliza mtu mwingine anaonaje.

Pumzika sasa, Guku. Usinisubiri tena. Nimefika.

Mjukuu wako,
Minza